Mikoko ya Gazi na Walinzi Wake

Kule Gazi, Kwale, kina mama wa kijiji ndio wanaowaongoza wageni juu ya daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko. Bibi aliyetuongoza alituonyesha mchu upumuao kwa mizizi iliyochomoza matopeni, na mkoko ambao mbegu yake huota ingali mtini, kama mwana asiyeachishwa ziwa kabla ya wakati wake. Zamani msitu huu ulikatwa kwa kuni na boriti. Tangu 2013, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, miti iliyosimama, kwa hewa ya ukaa inayoihifadhi, huleta fedha za maji na vitabu vya shule. Enyi wazazi, tuwapeleke watoto wetu wakajionee, na ada ya ziara tuwalipe kina mama hao wanaoilinda amana ya Mola.