Kabla ya PDF Kufika Tunduma

Kijana mmoja anayeuza chaja na makava ya simu jirani na stendi ya Tunduma alionyeshwa majuzi nakala kuukuu ya riwaya ya Kikosi cha Kisasi. Jalada lilishang'oka, kurasa za mwanzo hazipo, na mgongo umeshonwa kwa uzi wa fundi viatu. Akaigeuzageuza, akatajiwa mwandishi wake, Elvis Musiba, akauliza kwa nia njema kabisa: "Huyu anatumia akaunti gani, nimfoloo nimpe sapoti?"

Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi walitazamana. Mmoja akamjibu, "Mwanangu, huyo tulimpa sapoti kabla baba yako hajajua kusoma."

Kejeli ilikuwemo, ila mzee hakusema uongo. Musiba ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Pale mpakani na Zambia, mahali ambapo hapakuwa na duka la vitabu wala maktaba ya kutajika, jina lake lilijulikana na makuli, makarani wa forodha, wanafunzi wa Vwawa na wauza mahindi wa ng'ambo ya Nakonde. Hakuna tangazo hata moja lililofanya kazi hiyo. Aliyeifanya, kwa sehemu kubwa, ni mtu mmoja mwenye kibanda cha mbao cha kukodisha vitabu, ambacho sasa hakipo. Kilipigwa alama ya X nyekundu pamoja na vibanda vingine vya kando ya barabara, na baada ya muda kikaondoka.

Jina la mwenye kibanda linaachwa hapa, kwa kuwa hakuwahi kutafuta sifa na wanawe hawakuombwa ruhusa. Mjini aliitwa Mjomba, kama waitwavyo wengi.

Kibanda kilianza lini? Wapo wanaoapa kwamba kilianza mwaka uleule reli ya TAZARA ilipokabidhiwa, yaani 1976, na kwamba kitabu cha kwanza kukodishwa hapo kilikuwa hichohicho Kikosi cha Kisasi. Haiwezekani. Kitabu hicho kilichapishwa 1979. Labda kilikuwa Kufa na Kupona, ambacho ni cha 1974, au labda reli na riwaya zimechanganyika vichwani mwa watu, maana vyote viwili viliwapeleka mbali. Wengine wanasema kilianza baada ya vita vya Kagera. Basi iwe hivyo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, na karatasi nayo ilikuwa ya kutafutwa hadi kiwanda cha Mgololo kilipoanza kazi.

Kila aliyekipitia kibanda kile huanza kwa kutaja harufu yake. Kitabu kipya kina harufu yake ya wino na gundi, lakini vitabu vya Tunduma havikunukia hivyo. Vilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenye kabini za malori, chini ya godoro la dereva, siku kadhaa katika barabara ambayo wakati huo ilikuwa na mashimo ya kulaza ng'ombe, kwa hiyo vilifika vikinuka dizeli. Vikishashushwa, vilipangwa kwenye ubao uliokuwa juu ya magunia ya dagaa wa Ziwa Tanganyika, biashara ya shemeji yake Mjomba. Jioni iliwashwa chemli. Msomaji alikutana na dizeli, dagaa na mafuta ya taa kabla hajakutana na Willy Gamba, shujaa wa Musiba. Wapo waliohamia Dar es Salaam zamani ambao hadi leo lori likiwapita karibu hukumbuka riwaya fulani, na wake zao huwashangaa.

Kukodi kitabu kwa siku mbili kulilipiwa sarafu chache. Kwacha nazo zilipokelewa, kwa kiwango alichokipanga Mjomba mwenyewe na ambacho hakikuwahi kumpendelea Mzambia. Pesa ilikuwa sharti la kwanza. La pili ndilo lililokitofautisha kibanda kile na vingine vya aina yake: anayerudisha kitabu sharti aseme maneno mawili matatu juu ya alichosoma. Mjomba aliyaandika kwenye kauntabuku yenye jalada gumu, mbele ya jina la msomaji na mahali anapotoka: Mlowo, Mpemba, Vwawa, Isongole, Nakonde.

"Kitamu, ila mwisho umekatishwa."

"Nilianza saa mbili usiku, koroboi ikaniishia mafuta."

"Mhusika mkuu hafi hata akipigwa bomu. Nimechoka naye. Nipe kingine chake."

Kauntabuku ile ndiyo iliyovitembeza vitabu. Mteja mpya hakuuliza bei, aliuliza, "Wa Mlowo kasemaje?" Huyo wa Mlowo alikuwa karani wa ghala la kahawa, mkali kupita kiasi, na kitabu alichokisifu kiligombaniwa. Kulikuwa na kambi mbili. Moja ilikuwa ya Willy Gamba wa Musiba, nyingine ya Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na mabishano yao yalishinda ya Simba na Yanga kwa siku ambazo hakukuwa na mechi. Kambi ya Kiango ilidai kwamba shujaa wao ana akili na ana Nuru, mwenzake asiyemwacha nyuma. Kambi ya Gamba ilijibu kwamba mtu wa serikali hahitaji maneno mengi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi haikupangwa ubaoni. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kwa hiyo ilikaa chini ya meza, na wanafunzi wa sekondari waliiomba kwa kunong'ona, jambo ambalo liliifanya ikodishwe kuliko zote.

Pembeni palikuwa na kamba, na kwenye kamba palibanwa kazi za watu wa hapahapa kwa vibanio vya nguo. Shairi la mtu wa Mbozi likitokea kwenye ukurasa wa mashairi wa Uhuru au Mzalendo, Mjomba alilikata na kulitundika. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa na ngonjera zake alizipiga chapa kwa stensili, akazishona kwa pini, akaleta nakala chache. Mjomba hakumsifu. Alizikodisha kwa bei ileile ya Musiba, akawalazimisha waliozisoma watoe neno kama kawaida, na mwalimu akawa anakuja kila Jumamosi kusoma kauntabuku huku mkono ukimtetemeka. Kuna aliyeandika kwamba vina vimekaa sawa ila hadithi haina kichwa. Mwalimu alikwenda akaiandika upya.

Wengine walipeleka majina ya wenzao mbali zaidi, kwa kadi za salamu. Mtu wa Tunduma aliinunua kadi, akaijaza majina, akaitia posta kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, na wiki kadhaa baadaye mtangazaji akasoma kwamba fulani wa Tunduma, Mbeya, awasalimia marafiki zake. Mbeya, ndiyo. Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo sasa, ulizaliwa Januari 2016. Kabla ya hapo, mtu wa Tunduma aliyetaka maktaba ya mkoa wake alipanda basi kwenda Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100, na mara nyingi aliishia sokoni.

Msomaji mwepesi wa kuhesabu atasema: lakini kukodisha huko nako hakukumpa mwandishi senti. Ni hoja ya kweli, na haifai kufunikwa kwa utamu wa kumbukumbu. Musiba hakuwahi kuletewa hata kwacha moja ya Mjomba. Tofauti ni kwamba nakala ya karatasi huchakaa. Ikipita mikono mia inang'oka jalada, inaliwa na mvua, inabaki na mtu aliyevuka mpaka asirudi. Ndipo dereva wa lori anapewa hela tena alete nyingine, na hiyo nyingine inanunuliwa dukani Dar es Salaam. Riwaya iliyopendwa ilinunuliwa mara ya pili na ya tatu. PDF haichakai.

Miaka ya tisini ilikuja na magazeti mengi ya watu binafsi, na hadithi zikahamia humo vipande vipande. Eric Shigongo na magazeti ya kampuni yake ya Global waliwafanya watu wanunue Uwazi au Risasi kwa ajili ya ukurasa mmoja tu. Magazeti yalifika Tunduma yakiwa ya jana, lakini hadithi haina jana. Kibanda kikageuka polepole kuwa cha magazeti, kauntabuku ikawekwa kando, kisha Mjomba akazeeka. Jarida la katuni la Sani liliendelea kuuzwa humo kwa ajili ya watoto, pamoja na wazee waliojifanya wanawanunulia watoto.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Vikaja vibanda vya intaneti, dakika kwa shilingi. Ndesanjo Macha alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba blogu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, Issa Michuzi akaanza yake 2005, na kwa miaka michache kulikuwa na Watanzania walioandika juu ya vitabu vya rafiki zao bure, kwa mapenzi, kirefu. Ikaja Facebook na hadithi za "sehemu ya 12, itaendelea". Ikaja M-Pesa, na hadithi zikajua kukatika palepale bastola inapotolewa, na namba ya kutuma elfu moja chini yake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu wasajiliwe na kulipia leseni ya shilingi milioni moja, na blogu za watu wasiopata hata nauli kutokana nazo zikanyamaza. Watu wakahamia kwenye makundi ya WhatsApp.

Na hapo ndipo ilipo shida ya leo. Fungua kundi lolote la wana Songwe. Asubuhi kuna picha ya jalada la kitabu cha rafiki wa mtu, chini yake mioto mitatu, makofi manane, na neno "tusapotiane". Hakuna anayesema kitabu kinahusu nini. Mwandishi anashukuru, anaambiwa "pamoja sana", na mchana huohuo mtu mwingine anaitupia PDF ya kitabu hichohicho, nayo inapokelewa kwa makofi yaleyale manane! Anayeitupa hajioni mwizi, anajiona mkarimu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na COSOTA inayoisimamia ipo, lakini faili likishapita Tunduma, mji ambao simu hudaka mtandao wa Zambia mtu akisogea mtaa mmoja tu, nani atalikamata?

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli Oktoba 2021, simu zilijaa pongezi kwa "ndugu yetu". Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, riwaya yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Mlowo angekisoma bila kamusi. Pongezi za kuisoma hiyo zilikuwa chache mno kuliko zile za tuzo. Karani wa ghala la kahawa angeuliza swali moja tu, kinahusu nini, na kundi zima lingekaa kimya.

Lakini si haki kuilaani simu. Ndiyo iliyompa mtu wa Kamsamba au Itumba njia ya kumwuliza mwandishi swali na kujibiwa. Waandishi wa riwaya wa umoja wa UWARIDI, kina Hussein Tuwa, Fadhy Mtanga, Laura Pettie na Maundu Mwingizi, wameamua kutosubiri duka la vitabu lisilokuwepo. Wanavionyesha vitabu vyao na vya wenzao mtandaoni, na msomaji wa mkoani anatumiwa nakala yake kwa basi. Tangu Aprili 2023 hutolewa pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo mshindi wake wa kwanza hupata shilingi milioni 10 na kitabu chake kuchapishwa. Vijana wa Vwawa na Tunduma wanaoandika wanajua habari zake kwa sababu ya simu hizohizo. Wanachokikosa ni yule wa Mlowo, mtu atakayesoma hadi ukurasa wa mwisho na kusema bila aibu kwamba hadithi haina kichwa.

Watu wa Songwe wanaweza kulirekebisha hili bila mradi wala mfadhili. Mwenye PDF ya riwaya ya mwandishi aliye hai na aifute kundini, na mahali pake aweke jina la kitabu, namba ya mwandishi, na maneno mawili matatu ya aliyoyaona humo ndani, mazuri na mabaya. Asiyesoma asisifu. Na anayesema vitabu havifiki huku aache kisingizio hicho: kifurushi kinachopakiwa alfajiri Kituo cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, usiku hulala Tunduma.