Mgonjwa Usiku

Kwenye ripoti ya mwisho ya mradi wa mfumo wa kompyuta wa hospitali niliandika kwamba watumiaji walishirikishwa kikamilifu. Ushahidi nilikuwa nao: karatasi ya mahudhurio yenye sahihi za wakuu wa idara, waliokaa ukumbini asubuhi nzima, wakatazama slaidi zangu, wakanywa chai, wakapokea posho. Muuguzi wa dirisha la dawa, ambaye ndiye angeutumia mfumo kutwa kucha, siku hiyo alikuwa dirishani. Nani angemshikia zamu?

Na si kwamba sikufundishwa. Chuoni tulisoma habari za Kristen Nygaard, Mnorwei aliyeshiriki kuunda lugha ya kompyuta ya Simula, na jinsi alivyofanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili wao wenyewe wazielewe kompyuta zilizokuwa zikiingizwa viwandani na wawe na kauli juu yake. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani, nikalijibu vizuri. Kisha nikapata kazi.

Mfumo wangu ulidai namba ya usajili kabla dawa haijatoka. Mchana mambo yalikwenda. Usiku anafika mzazi anayevuja damu, dirisha la usajili limefungwa, muuguzi afanyeje? Wauguzi wakabuni mgonjwa. Wakamsajili kwa jina la Mgonjwa Usiku, na kila dharura ikaandikwa kwake. Nilipotoa takwimu za robo mwaka nilimkuta: mtu mmoja, mwanamume, amechomwa oksitosini ya wazazi na kupewa dawa za malaria za watoto wachanga. Nilicheka. Nikamfuta, nikaweka kizuizi asiundwe mwingine.

Zito zaidi lilikuwa suala la nusu. Dawa ikiwa haba, muuguzi humpa mgonjwa za siku chache, arudi kuchukua zilizobaki mzigo mpya ukifika. Haya aliyaandika kwenye kaunta buku. Mimi sikuweka nafasi ya nusu: ama umetoa dozi nzima, ama hujatoa kitu. Basi akawa anabonyeza "imetolewa", huku akiendelea na kaunta buku pembeni. Nikaona ni ukaidi wa watu waliozoea karatasi, nikamshauri mganga mfawidhi alipige marufuku daftari hilo.

Likapigwa. Wakaguzi wa ndani walipohesabu rafu, vidonge havikulingana na kompyuta, na daftari ambalo lingeeleza tofauti halikuwepo tena. Muuguzi akatakiwa kujieleza kwa barua. Nilikuwa kwenye kikao kile. Niliulizwa kama mfumo unaweza kukosea. Nikajibu kwamba mfumo hutunza kile kilichoingizwa. Ni kweli tupu, na ndiyo maana niliuchagua ukweli huo, nikauacha mwingine.

Kilichonifumbua macho ni printa. Niliitwa kuitengeneza, ikanigomea, nikajikuta nimekaa nyuma ya dirisha lile mpaka jioni, nikitazama watu wakipewa nusu, mmoja baada ya mwingine.

Mama yule muuguzi alikuwa ameshahamishwa. Nilimwandikia mganga mfawidhi kueleza kosa lilikuwa la nani, kisha nikampigia muuguzi mwenyewe simu. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata jibu langu la kikaoni. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Nimekusikia, mwanangu. Na pale pa nusu, umeshapaweka?"

Nilikuwa bado.