Daftari la Mawingu

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu ni wa wafanyabiashara, lakini katika mji wa Oxford, Uingereza, umetimia kwa kitu kisichouzwa wala kununuliwa, nacho ni hali ya hewa.

Jumba la falaki la Radcliffe lilianza mwaka 1772 kwa juhudi za Thomas Hornsby, profesa wa elimu hiyo. Mnara wake uliigwa kutoka mnara wa kale wa pepo ulioko Athens, nao umechongwa sura za pepo nane. Aliyelelewa baina ya kaskazi na kusi hatashangaa kuona pepo zikipewa nyuso.

Hata hivyo, bwana wa nyumba ile alikuwa nyota. Hewa huupinda mwanga wa nyota, na mpindo huo hubadilika kwa joto na kanieneo; basi mwanafalaki alisoma kipimajoto na barometa ili asahihishe hesabu zake. Hali ya hewa ilikuwa mtumishi tu. Maandishi ya mwanzo yana mapengo, lakini tangu Novemba 1813 joto la kila siku halijakosa kuandikwa, na mvua tangu Januari 1827.

Kisha mawingu yale yale yaliyojaa daftarini yakamhamisha bwana. Katika miaka ya 1930 wanafalaki walikwenda Pretoria, Afrika Kusini, kutafuta anga angavu zaidi. Kazi ya zaidi ya karne ingeweza kukatika hapo. Chuo Kikuu kikaipokea mwaka 1935, na saa tatu asubuhi, kwa saa za Greenwich, vipimo vikaendelea kusomwa. Leo mnara umo katika Chuo cha Green Templeton. Nyota zimeondoka, mtumishi yungali kazini bustanini.

Tarehe 24 Desemba 1860 baridi ilishuka hadi nyuzi 17.8 chini ya sifuri. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 38.1. Siku kama hizo hukumbukwa hata bila daftari. Lakini kwamba Oxford imezidi kuwa na joto, hilo limejulikana kwa maelfu ya siku zisizo na jambo, zilizoandikwa na watu ambao hawakujua wanamwandikia nani. Nao hawakuruka hata moja.