Wepesi na Mzigo

Barabara kuu ya I-45, baina ya Dallas na Houston, ina urefu wa takribani kilomita 385, na sehemu kubwa ni tambarare. Hapo pikipiki iendayo kwa mwendo mmoja hupambana na upepo kuliko uzito wake. Faida ya wepesi huonekana wakati wa kuondoka, kufunga breki na kukata kona.

Apunguzaye uzito gerejini kwake huanza na betri: ya lithiamu huweza kupunguza kilo 2 au zaidi. Hufuata bomba la moshi la titani, kisha vishikio vya alumini alivyovikata mwenyewe. Alumini ina kama theluthi tu ya uzito wa chuma. Lakini alumini huchoka kwa mitikisiko, hata midogo. Kishikio cha taa kikikatika ni hasara. Cha breki, msiba.

Mkenya aliyehamia Dallas hushangaa, kwani fundi wa bodaboda kwao huongeza: huchomelea keria, hurefusha kiti, hufunga vyuma vya kinga. Pikipiki ile hubeba abiria, magunia na karo ya watoto. Kabla ya kukata chuma, fundi hana budi kujua pikipiki itambeba nani.