Maneno ya Mapenzi Nyumbani: Tuliyoyaona Bariadi



Msafiri atokaye Mwanza kwenda Bariadi huishika njia ya Musoma, akauvuka mto Simiyu katika nchi ya Magu, na afikapo Lamadi huliacha Ziwa Victoria nyuma yake akaelekea kusini. Mto huo ndio ulioupa jina Mkoa wa Simiyu, uliofanywa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma.

La kwanza lililotupendeza huko ni salamu. Asubuhi utasikia "mwangaluka", na binti hupiga magoti mbele ya mkubwa wake. Mwanamke wa makamo huitwa "mayu", yaani mama, hata na asiyemjua. Hapana shaka adabu hiyo ni tawi la mapenzi.

Lakini tulipopita mashambani tulimwona baba akilima kwa plau, na mwanawe mdogo akiwaongoza ng'ombe. Ng'ombe waliitwa kwa majina yao na kusifiwa kwa kuvuta vyema. Mtoto hakupata neno. Tulipomuuliza baba kwa upole, alicheka akasema, "Yeye ajua kuwa nampenda. Kwani hali kwangu?"

Jibu hilo si la Bariadi peke yake. Twalisikia pwani na bara. Wala si kwamba lugha zetu ni maskini. Msukuma husema "nakutogilwe", na Mswahili "nakupenda". Twayo mapenzi, upendo, huba na mahaba, na katika maulidi twamwita Mtume wetu (S.A.W.) kipenzi cha Mwenyezi Mungu. Ila wazazi wanaponyamaza, kijana hulisikia neno "nakupenda" kwanza katika nyimbo na simu, akadhani ni neno la siri baina ya mvulana na msichana. Siku aambiwapo na mtu mwenye hila, hana kipimo cha kulipimia, kwani nyumbani hakulisikia likisemwa kwa kweli.

Mtume (S.A.W.) hakuliona neno hili kuwa aibu. Alimshika mkono Muadh bin Jabal, akamwambia kuwa ampenda, ndipo akamfundisha dua ya kusoma baada ya kila Sala. Tazameni: mapenzi yalitangulia, mafunzo yakafuata. Na alipombusu mjukuu wake Hasan, Al-Aqraa bin Habis akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Akajibiwa kuwa asiyerehemu harehemewi. Na katika Sura Ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ameyahesabu mapenzi na huruma ya mume na mke kuwa katika ishara Zake.

Basi, enyi wazazi, chakula ni wajibu wenu, nalo neno jema ni sadaka. Mume aingiapo atoe salamu, na baada ya kula amwambie mkewe, "Ahsante, Mungu akubariki." Mtoto aitwe kwa jina zuri, asifiwe afanyapo vyema, aambiwe, "Mwanangu, nakupenda, Mungu akuhifadhi." Nanyi vijana, msiwangoje wazee waanze; waambieni leo, wangali wakisikia.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu mapenzi na rehema. Amin.