Kulala Majanini

Nilipostaafu ualimu hapa Shinyanga, mpwa wangu aliniwekea katika simu mchezo uitwao PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018. Watu mia moja, kila mmoja na simu yake huko aliko, huruka kutoka ndege moja kwa miavuli, hutua kisiwani mikono mitupu, huokota silaha majumbani, kisha hupigana mpaka kibaki kikosi kimoja. Wakati huo duara kubwa huzidi kujifunga na kuwasukuma walio hai wakaribiane. Mpwa wangu yuko Geita, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Kila jioni tulikutana kisiwani, sauti yake ikinijia sikioni kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Mjomba, wewe lala majanini," aliniambia siku ya kwanza. "Usipige risasi, watatuona. Wengine niachie mimi."

Nikalala. Mchezo wenyewe nao ulinidekeza, maana mechi za mwanzo hujazwa wapinzani bandia wanaoendeshwa na kompyuta. Hukimbia hovyo na risasi zao hupita kando. Niliwaangusha wawili nikajiona jemadari. Nikapanda daraja, wakaja watu wa kweli. Mwezi mzima nilifika kumi bora kwa kujificha, na mwezi mzima, duara lilipokuwa dogo kama uwanja wa shule, aliyenikuta aliniua nikiwa bado natafuta kitufe. Sikujua hata kwamba bunduki ikipigwa mfululizo hupanda juu, na kwamba dawa yake ni kuvuta kidole chini taratibu.

Sisi tuliocheza bao tulipaswa kulijua hili. Katika bao, mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kuiacha. Sheria haijali kwamba umejifunza jana. Mtoto huliwa na hula tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana wapo watoto wanaowafunga wazee.

Kisha mpwa wangu akatoweka kisiwani siku nne. Siku ya tano alipiga simu. Naam, pale Geita neno duara lina maana nyingine: ndilo shimo la dhahabu. Ubavu wa duara lao ulikuwa umeporomoka. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameshatoka, kwa kuwa aligonga mwamba kwa nyundo akasikia mlio mtupu, kama wa debe, badala ya mlio mkavu.

"Nani alikufundisha?" nilimuuliza.

"Mzee mmoja, siku niliyofika. Wageni wengine waliambiwa wakae juu wavute kamba mpaka wazoee. Mimi alinishusha naye asubuhi ile ile, akanipa nyundo, akasema gonga hapa, gonga pale, niambie tofauti. Nilikosea mchana kutwa akinicheka."

Nilinyamaza kidogo. Kisha, nakiri, badala ya kumshukuru Mungu kwanza, nilimgombeza. Mbona mimi alinilaza majanini?

Alikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika.

"Mjomba, wewe ulinifundisha kusoma. Nitakutumaje mahali utakapouawa mara ishirini, na vijana wa kikosi wanasikia?"

Basi ilikuwa heshima. Nami nikakumbuka, bila kumwambia, wanafunzi niliowapenda kuliko wengine, ambao sikuwaita ubaoni kwa kuogopa wasikosee mbele ya darasa. Mmoja alishindwa mtihani wa darasa la saba kwa hesabu ambazo hakuwahi kuzikosea mbele yangu, kwa kuwa sikumpa nafasi ya kuzikosea.

"Leo tunatua Pochinki," nilimwambia. Ni mji wa katikati ya kisiwa. Wengi hushukia hapo, na wengi hawatoki.

"Mjomba, Pochinki!"

"Pochinki."

Nilikufa kabla sijaokota hata kofia. Nikasikia vijana wakicheka, kisha wakajizuia.

"Chekeni," nikasema. "Tena."