Nakuru: Maziwa Yaliyowazidi Wenyewe



Sisi watu wa Pwani tukilitaja Bonde la Ufa husema "bara" tu, tukanyamaza, kana kwamba bara yote ni moja. Masika yaliyopita nilimzuru Nakuru kijana niliyemsomesha chuoni zamani, ambaye sasa ana mke na watoto watatu. Mji ule, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, umeinuka kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na alfajiri maji ya udhu huuma vidole. Mwenyeji wangu anakaa njia ya Njoro, upande wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo. Huko kila ua una mnyama wake.

Ua wake una mbuzi watatu wa maziwa, wa asili ya Uswisi waitwao Toggenburg, rangi ya kahawia na michirizi myeupe usoni. Kwa majani ya masika walikuwa wakitoa lita 6 kwa siku, na nyumba haikunywa zaidi ya 2. Asubuhi ya kwanza, nikitoka kuswali, nilimkuta mkewe, mzaliwa wa Mombasa, akimwaga sufuria ya maziwa chini ya mgomba. Aliona haya.

"Maalim, usinihesabu katika wafujaji," akasema. "Majirani wasema yananuka beberu, na mimi yamenishinda."

Sikuwa na jibu. Suratun-Nahl imetuagiza tuzingatie jinsi maziwa yanavyotoka safi matumboni mwa wanyama, nami nilikuwa nikizingatia yakizama udongoni. Aliyekuwa na jibu ni jirani yao, bibi wa Kikalenjin, aliyekuja mchana na kibuyu chake.

Kwanza aliuliza beberu analala wapi. Alikuwa zizi moja na majike. Akasema watengwe, chombo kioshwe kwa maji ya moto, na maziwa yapozwe upesi, kwani maziwa hushika harufu. Kisha akatuonyesha kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti waitwao senetwet, ambamo watu wake hugandisha mursik. Bibi mwenye nyumba naye akakumbuka mtindi wa mamake. Huchemsha maziwa, kwani mabichi yaweza kuleta homa ya brusela. Huyaacha yapoe hata kidole kivumilie, akatia kijiko cha mtindi wa jana. Mombasa joto lenyewe lingefanya kazi. Nakuru sufuria hufunikwa blanketi usiku kucha. Mtindi wa mbuzi hutoka mwepesi kuliko wa ng'ombe, na huo si ubovu.

Samli haikufaulu. Mafuta ya maziwa ya mbuzi ni chembe ndogo sana, hayapandi juu kwa wepesi. Lakini jibini ilifaulu siku ya tatu: maziwa yalichemshwa, yakatiwa maji ya ndimu hata yakakatika, yakachujwa kwa kitambaa safi, yakatiwa chumvi na kuning'inizwa. Maji yaliyobaki yakakandia unga wa chapati.

Sina budi kukiri jambo moja. Shemeji wa mwenyeji wangu alikuwapo na mtoto wa miezi minne, akaniuliza kama ampe maziwa yale, kwa kuwa yamezidi na yana baraka. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema, "Mpe, bismillahi." Jirani akanitangulia: kliniki huwafunza kwamba mtoto hunyonya mamake tu hadi miezi 6, wala maziwa ya mnyama si kinywaji chake kabla ya mwaka. Nilinyamaza, na namshukuru Mungu kwa kunyamaza kule. Maziwa ya mbuzi yana upungufu wa foleti, na mtoto mchanga akiyategemea huweza kupungukiwa damu. Baraka ya kitu haiondoi haja ya kumuuliza ajuaye.

Usiku wa mwisho niliwasimulia habari ya Ummu Maabad, ambaye Mtume (s.a.w.) alimkamulia mbuzi wake dhaifu njiani akihamia Madina. Waliokuwapo walikunywa wakashiba, yeye akanywa mwisho, kisha akajaza chombo tena akamwachia mwenyewe. Nikawaeleza na maniha: kumwazima mhitaji mbuzi wako anywe maziwa yake, kisha akurudishie mbuzi. Ni sadaka iliyosifiwa mno katika hadithi, nasi tumeisahau kwa kuwa hatufugi.

Juma lililopita mwenyeji wangu alinipigia simu. Mbuzi wa tatu yuko kwa mjane wa nyumba ya nne, mwenye watoto wanne waendao skuli. Mbuzi ni wa mkewe, maziwa ni yao hadi yatakapokatika. Chini ya mgomba hakumwagwi kitu tena.

Nasi huku Pwani, dada zangu, hata tusio na mbuzi, kila jiko lina mgomba wake. Tuutazame leo, tujue tunamwaga nini, na ni jirani gani anayekingoja.

Wabillahi tawfiq.